Mgongo wa Nkondwe

Barua ya mama ilinikuta Tandika mwezi wa sita, mwaka sabini na nne. Niliisomea nje, kwa sababu ndani Eufrazia alikuwa anapiga deki na sakafu ilikuwa bado mbichi. Nasema niliisoma, lakini mie darasa langu ni la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Kwa hiyo nilisoma nusu, nusu ya pili akanisomea Eufrazia mwenyewe, dekio mkononi. Eufrazia ndiyo huyu bibi yenu. Yeye alifika la sita kwa masista, na mpaka leo akitaka kunishinda kwenye maneno ananikumbusha hilo la sita.

Mama yangu, Sesilia, hakujua kuandika. Aliyemwandikia ni katekista. Barua ilisema serikali imekuja na operesheni ya watu kuhamia vijijini, na sie watu wa Nkondwe wote tumepangiwa kuhamia ng'ambo, nchi kavu, mwezi wa kumi kabla mvua hazijaanza. Chochote kilichojengwa kisiwani kitavunjwa. Mkubwa wa operesheni upande wa ziwani, Bwana Hija, alikwenda kukagua, akaandika kwamba Nkondwe si kijiji. Ni dago tu, wavuvi wanalala siku mbili tatu wanaondoka. Kwingine kote ni jiwe.

Mwisho mama akasema: "Wewe uko huko kwenye serikali. Waambie."

Waambie! Mama alidhani Dar es Salaam ukitoka nje asubuhi unaikuta serikali imekaa barazani inakunywa uji, unaisalimia, unaieleza shida yako. Mie kipindi hicho nilikuwa kibarua wa kupaka chokaa. Serikali nilikuwa naiona kwenye vioo vya magari.

"Sasa utafanyaje?" Eufrazia akaniuliza.

"Sijui."

"Mama yako ana miaka mingapi?"

"Sitini, sitini na kitu."

"Akivunjiwa nyumba huyo hafiki Krismasi," akasema, akarudi ndani kumalizia deki. Mie nikabaki pale na karatasi yangu.

Niwaeleze kwanza Nkondwe ni kitu gani. Ni kisiwa kidogo ndani ya Ziwa Nyasa. Ukikizunguka kwa mtumbwi, unaanza umeshiba na unamaliza njaa haijakuuma. Lakini ni mlima. Sio kisiwa chenye mlima, hapana, ni mlima umesimama kwenye maji mpaka kiunoni. Ukitaka kwenda kwa jirani unapanda au unateremka, njia tambarare hakuna. Mtu wa Nkondwe utamjua hata huku mjini kwa mwendo wake, anainua magoti barabarani kama kuna ngazi. Eufrazia alinicheka kwa hilo tangu siku ya kwanza.

Sasa, kazi. Mwezi ule tulikuwa tunapaka chokaa mabanda ya viwanja vya Sabasaba, pale Temeke, kujiandaa na maonyesho. Kila mkoa na banda lake. Na mie, kwa bahati, nikapangiwa banda la mkoa wetu. Karani wa banda alikuwa dada mmoja wa Bukoba anaitwa Benedicta, amepelekwa kusini kikazi, na sasa kaletwa Dar kusimamia vitu vya mkoa. Mrefu, sauti yake unaisikia toka banda la tatu.

Siku moja alikuwa amesimama katikati ya banda ameshika kiuno.

"Nikodemu, hebu tazama. Nina mahindi. Nina tumbaku. Nina makaa ya mawe. Mtu atoke Magomeni na watoto wake kuja kutazama mahindi? Kwao hakuna mahindi?"

Sijui nini kilinipata. Nikamwambia, "Dada, mie nina kisiwa."

"Una nini?"

Nikamweleza. Nikamtolea na barua, akaisoma chapchap kama wanavyosoma makarani, macho yanashuka tu. Alipofika kwenye jina la Bwana Hija akanitazama.

"Huyu anakuja hapa siku ya pili ya maonyesho, na wakubwa wengine wa mkoa. Unalijua hilo?"

"Sikulijua."

"Haya, sasa umelijua. Nitengenezee hicho kisiwa. Kikubwa, kila mtu akione. Akija, atakiona kabla ya mahindi."

Ndiyo nikaenda kwa Albano.

Albano alikuwa jirani yangu, vyumba vitatu toka kwangu. Mmakonde wa Newala, fundi wa kuchonga, ana chale usoni na maneno machache. Alikuwa anachonga ile michongo ya watu waliobebana, huyu kakanyaga bega la huyu, huyu kamshika huyu mguu, mpaka juu kabisa. Wazungu walikuwa wanaigombania. Mie nilikuwa siielewi, nilikuwaga naona kama watu wanagombea treni.

"Nichongee kisiwa," nikamwambia.

"Mie ziwa sijaliona," akasema. "Nimeona bahari, nayo sikuipenda."

"Mie nitakwambia kilivyo."

"Watu wangapi?"

"Subiri nikueleze mlima kwanza."

"Mlima hauna haraka. Watu wangapi?"

Hivyo ndivyo alivyo Albano. Hachongi jiwe mpaka ajue nani amelikalia. Tukapata gogo la mninga kule Keko kwa mafundi wa vitanda, zito, tumelisukuma kwa mkokoteni watu wanne. Kila siku nikitoka kazini alasiri nakaa mbele yake, yeye amelishika gogo kwa miguu, tezo inakwenda ko, ko, ko, na mie nasimulia.

Nikamwambia tulifikaje kule. Zamani za babu wa babu, Wangoni walikuwa wanapita ukanda wa ziwa, wanachukua watu, wanachukua ng'ombe. Walikuwa wakali, lakini maji waliyaogopa. Basi wazee wetu wakapanda mitumbwi wakaenda Nkondwe. Hawakujenga upande unaotazama nchi kavu, maana huko wangeonekana. Wakajenga upande wa pili, unaotazama ziwa wazi, mlima ukawa ukuta wao. Moshi wa jikoni ukipanda, mlima unaukinga. Mtu akisimama ng'ambo anaona jiwe tupu. Upande huo wa nchi kavu tunauita mgongo, na huku tunakokaa ndiyo uso. Na Wangoni siku hizi tumeoana nao, shemeji zangu wawili ni Wangoni, tatizo lao sasa ni kula tu. Lakini desturi ilibaki. Hakuna aliyejenga mgongoni, Wajerumani wakaja, wakaenda, Waingereza wakaja, wakaenda, Uhuru ukapatikana. Mgongoni hakuna nyumba hata moja.

"Na mgongoni nichonge nini?" Albano akauliza.

"Hakuna kitu huko. Acha tu. Si tutaegemeza ukutani?"

Akaacha. Lile kosa ni langu, silipeleki kwa mtu mwingine.

Lakini uso! Nilimpa uso wote. Nilimpa bandari yetu ya mchanga, ndogo, mitumbwi saba inajaa. Nilimpa Chozi, chemchemi yetu, inatoka kwenye ufa wa jiwe kidogo kidogo mchana kutwa, wanawake wanaipangia foleni na ndipo umbea wote wa kisiwa unapozaliwa. Nilimpa ghuba ya kuogea, maji yake maangavu, ukizamisha uso unaona samaki wadogo wa buluu na wa njano wenye mistari, kama mtu kamwaga khanga chini ya maji. Padri mmoja alikuja zamani akaoga pale na kanzu yake yote, ghuba ikaitwa Kwa Padri. Nilimpa matuta ya mihogo, yamekingwa kwa mawe ili udongo usishuke. Nilimpa fisi maji wanaoiba samaki kwenye nyavu. Na juu kabisa, Kichwani, jiwe bapa, ukikaa pale unaona milima ya Livingstone upande mmoja na upande wa pili maji mpaka macho yachoke. Siku zingine unaona wingu jeusi linapanda toka ziwani kama moshi wa meli, kumbe ni wadudu wadogo, mamilioni. Upepo ukiwaleta kwetu tunawakamata kwa vikapu vilivyopakwa maji, tunawaponda, tunafanya mikate.

"Mnakula nzi?" Albano akasimamisha tezo.

"Nyie si mnakula panya?"

"Panya ana nyama," akasema, akaendelea.

Alipomaliza, nilikaa chini. Kweli nilikaa chini. Ilikuwa Nkondwe, lakini Nkondwe ya Albano. Mlima wote umejengwa kwa watu. Wanaopanda wameshika matuta, matuta yameegemea migongo ya wanawake wa foleni ya Chozi, wavuvi wanavuta wavu chini na wavu unageuka kuwa njia, njia inapanda mpaka Kichwani, na Kichwani kakaa bibi mmoja anatazama. Mie nilikuwa nimemweleza mama anavyokaa, mguu mmoja kaukunja. Na ndivyo alivyokaa.

Eufrazia alikuja na bakuli la ugali, akatazama muda mrefu.

"Sasa hata mie nataka kwenda," akasema.

Siku ya kwanza ya maonyesho, Benedicta hakuamini. Watu walijaa. Walitoka Buguruni, walitoka Manzese, watoto wanahesabu watu kwenye mlima, wengine wanafika sabini, wengine themanini, wanagombana. Mahindi hayakutazamwa na mtu. Albano alikaa pembeni na mfuko wake wa patasi, anaulizwa hiki na kile, anajibu, "Muulize mwenye kisiwa." Na mie, kibarua wa chokaa, nikawa mwenye kisiwa.

Siku ya pili Bwana Hija akaja.

Alikuwa mtu wa Kilwa, mfupi, msafi, suti ya mikono mifupi ile ya viongozi, kalamu mbili mfukoni. Alisalimiana na Benedicta vizuri tu. Kisha akaona gogo. Akalikaribia, akasoma kikaratasi alichobandika Benedicta: KISIWA CHA NKONDWE, ZIWA NYASA. Akasoma tena.

"Nani kaleta uongo huu?"

Watu wakanigeukia.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Ni wewe?"

"Ni mie. Ndiko nilikozaliwa."

"Kijana, mie nimefika Nkondwe. Sikuhadithiwa. Nimekwenda kwa boti ya injini mwezi wa tano, nimeshuka kwa miguu yangu hii. Nimekuta jiwe limesimama kama ukuta, kinyesi cha ndege, na wavu umetundikwa. Hakuna bibi, hakuna foleni, hakuna matuta. Haya ni maonyesho ya taifa! Mkoa utaonekana unadanganya wananchi."

"Mzee, ulizunguka upande wa ziwa?"

"Mawimbi yalikuwa makubwa. Nahodha alikataa. Lakini mtu akipiga kelele upande ule si ningesikia? Nilikaa saa nzima. Kimya." Akamgeukia Benedicta. "Nikimaliza kuzunguka mabanda, nirudi nikute hiki kitu kimeondolewa."

Albano, ambaye hata hakusimama, akauliza kutoka chini, "Ule wavu, ulikuwa mkavu?"

Bwana Hija akatazama huku na huku kuona nani kasema.

"Ulikuwa unachuruzika maji."

"Aha," Albano akasema. "Na mwenyewe alikuwa wapi?"

Bwana Hija akaondoka, na watu wake nyuma.

Benedicta alikuwa amebadilika rangi. "Nikodemu, mie nina kazi yangu. Nina watoto wawili. Kiondoeni."

Nami nikaanza kuona mama ameketi kwenye boti, vyungu vyake miguuni. Nikashika gogo upande mmoja. Albano akashika upande wa pili, lakini badala ya kulibeba akaligeuza. Mgongo ukatazama watu. Magome ya mti, maji ya mninga mekundu yamekauka, hakuna hata alama ya tezo.

"Ulinidanganya," akaniambia.

"Mie?"

"Ulisema mgongoni hakuna kitu. Bwana mkubwa kaona wavu. Sasa kuna wavu au hakuna?"

"Wavu upo. Lakini si kijiji kile, Albano, huko tunatundika tu."

"Basi si kweli kwamba hakuna kitu. Yeye kaona mgongo, wewe umenipa uso, kila mmoja anamwita mwenziwe mwongo." Akatoa tezo. "Dada, umesema tukiondoe. Sijamaliza kazi. Fundi haondoi kazi haijaisha."

Benedicta akafunga macho. Akasema, "Mie sijaona kitu," akaenda kusimama kwenye mahindi.

Albano akaanza kuchonga mgongo wa Nkondwe pale pale, mchana kweupe, mbele ya watu. Anachonga anachotaka. Mie nikamwacha. Akachonga ukuta wa jiwe, akachonga ndege. Halafu chini, kwenye maji, akaweka mnazi.

Bwana Hija aliporudi akakuta watu wamejaa mara mbili. Akapenya. Nilimwona uso wake unavyokunjana, nikasema tumekwisha. Akanyoosha kidole.

"Mnazi? Ziwa Nyasa kuna mnazi pale?"

"Sijui," Albano akasema. "Sijafika. Wewe umefika."

"Hakuna mnazi! Pale pana ufa, na kwenye ufa pana mkuyu, umeinama hivi, mizizi iko nje. Ondoa huo mnazi!"

Albano akauondoa. Ko, ko, ko.

"Hapa?"

"Juu kidogo. Hapo. Usiinamishe sana."

Baadaye Benedicta aliniambia kwamba Bwana Hija zamani alikuwaga mpima ardhi, anatembea na mnyororo porini. Mtu wa namna hiyo unaweza kumtukana na akanyamaza, lakini ukikosea mahali pa mti mbele yake hawezi kuvumilia. Kalamu zake zikatoka mfukoni, akaanza kuonyeshea nazo. Ukuta wa jiwe unashuka hivi. Hapa jeupe, ni kinyesi cha mnandi, wale ndege weusi wa kupiga mbizi. Hapa wavu, umefungwa kwenye vigingi viwili. Hapa mwamba umetokeza kama pua. Wale watu wake wa msafara walikuwa wanatazama saa, yeye ameshachuchumaa.

"Na hapa, kuanzia kwenye mkuyu," akasema, "kuna vidato. Vidogo, vya kuweka ncha ya mguu, vinapanda kushoto, kimoja, viwili..."

Kalamu ikabaki hewani.

"Jiwe halijichongi vidato," Albano akasema, bila kumtazama.

Bwana Hija akasimama polepole, akanitazama mie.

"Vinakwenda wapi?"

"Pangoni, mzee. Liko juu ya ile pua uliyosema. Kutoka chini halionekani."

"Na wakati mie niko pale chini?"

Niliogopa, lakini nikaona sina cha kupoteza. "Ulikuwa unatazamwa. Wanawake na watoto walikuwa wamelala kifudifudi pangoni, wanaume wamejibana kwenye mawe. Mama yangu lazima alikuwepo. Labda alikuwa juu yako hatua kumi tu. Yule mwenye wavu alikimbia akauacha."

Umati ukaangua kicheko. Mama mmoja akasema, "Masikini, serikali inachunguliwa!" Bwana Hija hakucheka.

"Kwa nini wajifiche serikali yao wenyewe? Sie tumewapiga? Nimekwenda na bunduki?"

"Hawakujua ni serikali, mzee. Hukupiga kasia."

"Kasia gani?"

Nikamweleza. Kwetu mgeni akikaribia anasimama majini, hashuki. Anapiga kasia ubavuni mwa mtumbwi mara tatu, anataja jina lake na la mama yake. Toka enzi za vita. Akifanya hivyo, watoto wanateremka kumpokea mizigo. Asipofanya, hata awe amevaa suti, ni adui, na kila mtu anapanda pangoni mpaka aondoke. Mafunzo hayo tunayapata kabla ya kujua kusali. Walivyosikia injini, na hakuna kasia, ndiyo kabisa.

Yule mtu akatoa leso akajifuta shingo. Mie nilisubiri matusi.

"Kwetu Kilwa," akasema taratibu, "mtoto wa miaka mitatu anajua hodi. Mtu akiingia uwanjani kwako bila hodi, ni mwizi au ni mshenzi." Akatazama vile vidato. "Kumbe mie nimeingia kwa watu bila hodi. Halafu nikaandika kwamba hawapo."

Benedicta alikuwa ameshaacha mahindi yake, yuko nyuma yangu.

"Mzee, kwa hiyo ile amri..." nikaanza.

"Sikuahidi kitu!" akanikatiza, na ukali wake ukarudi wote. "Imeandikwa dago, na sahihi ni yangu. Sifuti sahihi yangu kwa ajili ya gogo. Nitakwenda tena. Nikikuta kijiji, nitaandika kijiji. Nikikuta jiwe, nitakutafuta hapa Temeke wewe mwenyewe, na huyu fundi wako." Akarudisha kalamu mfukoni. Akageuka kuondoka, akasimama. "Hilo jina la mama, la nini? La kwangu halitoshi?"

"Adui hataji jina la mama yake, mzee."

Akatikisa kichwa. Akasema kwa sauti ya chini, kama anajaribu, "Hija wa Mauwa." Akaondoka.

Albano akapuliza unga wa mbao kwenye mkuyu. "Huyu angekuwa fundi mzuri," akasema.

Tulisubiri. Mwezi wa saba ukaisha, wa nane, wa tisa. Maonyesho yalifungwa, gogo likachukuliwa na gari la mkoa, na tangu siku hiyo sijaliona tena. Eufrazia alikuwa haniulizi, lakini kila nikirudi kazini ananitazama mikononi kama kuna karatasi. Mwezi wa kumi ukaingia. Kila mawingu yakijikusanya upande wa Pugu mie natoka nje kuyatazama.

Barua ikaja tarehe ishirini na kitu. Tukakaa kitandani wote wawili, safari hii Eufrazia akasoma yote tangu mwanzo, mie sikutaka kubahatisha.

Bwana Hija alikuja, katekista aliandika. Alizima injini mbali. Akachukua kasia akapiga, akapiga kwa nguvu mpaka likapasuka, na la pili halikuwepo. Akataja jina lake na la mama yake kwa sauti mpaka bata maji wakaruka. Watu wakashuka, wakaivuta boti yake kwa kamba mpaka mchangani. Alihesabu mia moja arobaini na mmoja. Aliwaomba wamzungushe kwa miguu, akanywa maji ya Chozi, akakataa mikate ya wadudu, kisha akala miwili. Alipanda mpaka Kichwani, akakaa muda mrefu anahema, akauliza mipaka ya kila shamba, akaandika. Akaandika kijiji. Kijiji cha uvuvi cha Nkondwe.

Eufrazia akapiga kigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Sitawaambia ilikuwa yote sukari. Kulikuwa na masharti. Watoto wa darasa la tano kwenda juu wakasome ng'ambo. Gati lijengwe mgongoni, upande wa nchi kavu, ili boti ya dawa ifike hata ziwa likichafuka. Na familia kumi na moja zilihama kwa hiari zao, zilitaka kuwa karibu na shule na bomba. Mmoja wao ni ndugu yangu kabisa, na nyumba yake iliachwa ikaanguka yenyewe. Mama aliliona hilo kila siku akienda kuteka maji. Lakini hakuna aliyevunjiwa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, nikapata likizo, nikamchukua Eufrazia. Safari yenyewe siku tano, hiyo nitawahadithia siku nyingine au asimulie mwenyewe, yeye anakumbuka kila mahali alipotapika. Tulipofika nikapiga kasia. Nikataja jina langu na la mama. Eufrazia naye akataja la kwake na la mama yake, na kwa juu tukasikia watoto wanakimbia.

Alipanda Nkondwe na viatu vyake vya mjini, akavivua kwenye kona ya kwanza. Siku ya pili nilimkosa nyumbani, nikamtafuta, nikamkuta ghuba ya Kwa Padri, amekaa kwenye maji mpaka kifuani na khanga yake, kaingiza uso ndani anatazama samaki, anatoa kichwa anavuta pumzi, anarudisha. Hakuniona. Nikakaa juu ya jiwe nikamwacha.

Na mama? Mama hakuwepo upande wa uso. Nilielekezwa mgongoni. Nikateremka vile vidato, na huko nikakuta wanaume wanapanga mawe ya gati, na kando yao, juu ya ile pua, mama yangu Sesilia anachimba shimo kwa muo, ule mti wenye ncha wa kuchimbia. Nyumba. Nyumba ya kwanza mgongoni tangu Nkondwe iwe Nkondwe, na mlango wake ameupanga utazame nchi kavu.

"Mama, hapa si kila mtu atakuona?"

"Wanione," akasema. "Miaka yote hii mie ndiyo nawachungulia wao. Nimechoka kulala kifudifudi, na mgongo wenyewe siku hizi unauma." Akamtazama Eufrazia, aliyekuwa ameshuka nyuma yangu amelowa chapachapa. "Huyu ndiye wa la sita?"

"Ndiye."

"Shikamoo mama," Eufrazia akasema.

"Marahaba mwanangu. Shika hii nguzo, huyu mumeo siku zote anaipinda."

Eufrazia akaishika wima kwa mikono miwili, mie nikashindilia udongo.